Baba Aliona Mbali

Wageni walipobisha hodi, Fundi Suti ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa amejiandaa: suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, shati jeupe, na koti amelifunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali na feni ya sebuleni ilizunguka kivivu kama inayosukumwa. Mkewe alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja, "Baba watoto, vua hilo koti, utapikika humo ndani." Akajibu kwamba fundi wa suti hapokei wageni wa maana akiwa na shati tupu.

Walikuja kwa ajili ya binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye baba mtu alimwita "Mama" tangu alipozaliwa kwa sababu alirithi jina la bibi yake. Kwa mwezi mzima nyumba ilikuwa inaongea habari moja tu: kijana anakuja kujitambulisha. Fundi alikuwa hajamwona bado. Alichoambiwa ni kwamba ni mpole, ana elimu, na anafanya kazi hospitali. Hospitali ni kubwa, alijisemea, ina watu wengi.

Akaingia kwanza mjomba wa kijana, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Akafuata shangazi. Fundi akawapokea kwa mikono miwili, karibuni, karibuni sana, mjisikie mpo kwenu. Halafu akamgeukia kijana, na mkono wake ukabaki hewani.

Alikuwa ni yule mfamasia wa dirishani.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema, akainamisha kichwa, akaupokea ule mkono. Hakushtuka wala hakutabasamu kama mtu anayekumbuka kitu. Alisalimia kama anayemwona mzee yule kwa mara ya kwanza maishani. Na hilo ndilo lililomchoma Fundi zaidi, maana mtu hajifanyi hakujui ila anapokujua mno.

Fundi Suti alikuwa na duka lake kwenye barabara ya maduka, katikati ya muuza viatu na kinyozi. Alishona suti za kiume, basi. Ukimpelekea gauni anakuelekeza kwa jirani. Watu walimtania kwamba akikushonea yeye, hata polisi wakija kukukamata watakupigia saluti kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mgongo ulionyooka, na fahari yake ilikuwa katika mambo madogo: kunyanyua mtungi wa gesi kwa mkono mmoja, kutoumwa, kutoomba msaada.

Mwaka uliotangulia mkojo ulianza kumsumbua. Anasimama chooni kama anayesubiri basi lililokwisha kupita. Alijikaza kisabuni mpaka siku alipoona damu. Vipimo vikasema ni saratani ya tezi dume, na tayari ilikuwa imeanza kutoka nje ya tezi yenyewe. Nyumbani aliisema nusu tu. "Ni tezi," alimwambia mkewe. "Wamenipa dawa za mkojo."

Daktari wake alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimwonyesha pakiti ya vidonge, akamsomea jina la aina ile ya dawa. Kizuia-androjeni.

"Androjeni ni homoni za kiume," akamweleza. "Ndizo zinazompa mwanamume ndevu, sauti nzito, na mengine unayoyajua. Sasa saratani yako inazitegemea hizohizo ili ikue. Homoni peke yake haifanyi kitu, mpaka ipate mahali pa kukaa. Chukulia ni mtu anayetafuta kiti. Akikaa tu, kazi inaanza. Kidonge hiki kinawahi kukikalia kile kiti. Homoni ikija inakuta pana mtu, inazurura tu."

Alieleza na mengine: mwili unaweza kupandwa na joto, kifua kinaweza kuvimba, hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua. "Likikutokea lolote kati ya hayo, usikae nalo. Niambie."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Katika maelezo yote yale maneno mawili tu ndiyo yaliyomwingia: kiume, na kuzuia. Akaondoka nayo.

Dawa ikafanya kazi yake. Mkojo ukatulia, na kila alipopimwa damu daktari alifurahi. Lakini na mengine yote yakaja, kama wageni walioalikwa kwa pamoja. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini akiwa katikati ya kukata kitambaa, jasho likamtiririka huku muuza viatu akimuuliza kama amemeza jua. Kisha chuchu zikaanza kuuma zikiguswa na shati. Kisha kifua kikajaa. Mtu anayepima vifua vya wanaume kutwa nzima hahitaji kuambiwa. Siku moja alifunga mlango wa duka, akajizungushia utepe wake wa kupimia, akausoma, akaukunja haraka akautia mfukoni kama mtu aliyefumaniwa na mali ya wizi. Tangu hapo hakutoka bila koti.

Chumbani alianza kulala ameelekea ukutani. Mkewe alipomgusa bega alisema amechoka. Siku nyingine akasema ni mgongo. Ikafika mahali mke akaacha kumgusa, na yeye akashukuru, halafu akajichukia kwa kushukuru.

Dawa alizichukua hospitali, kwenye dirisha la kioo lenye tundu dogo la kuongelea. Nyuma ya kioo alikuwapo kijana mrefu mwenye miwani, ambaye hakupayuka majina ya dawa kama wenzake. Aliyasema chini, kama siri ya watu wawili. Siku moja Fundi alichelewesha zamu yake mpaka foleni ikaisha, akainama kwenye tundu.

"Kijana wangu, nikuulize. Hii dawa inamgeuza mtu kuwa mwanamke?"

Kijana hakucheka. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akampeleka kwenye chumba kidogo kilichojaa maboksi, akamvutia kiti. Na mle ndani Fundi Suti, ambaye hakuwahi kumwambia mkewe wala daktari wake, alisema yote. Alisema habari za joto. Alisema habari za kitandani, kwamba mwili umelala na hauamki, na hajui kama utaamka. Kijana akamuuliza kama kifua kimevimba upande mmoja au pande zote mbili, na kama kuna donge gumu ndani. Fundi akashindwa kueleza, akafungua shati akamwonyesha. Halafu akalia. Kijana akageukia maboksi, akaanza kuyapanga ingawa yalikuwa yamepangwa, mpaka mzee alipomaliza kujifuta.

"Mzee wangu," akasema baadaye, "haikuandikwa kizuia-mwanamume. Imeandikwa kizuia-androjeni. Kinachozuiwa ni chakula cha saratani. Wewe bado ni wewe. Na kifua kina matibabu yake, lakini mwambie daktari."

Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mwepesi. Hakumwambia daktari, ila alikuwa amesema na mtu, na huyo mtu hakuwa ndugu wala jirani wala mteja. Alikuwa mpita njia, na mpita njia ukimwambia siri yako anakwenda nayo.

Sasa mpita njia alikuwa amekaa kwenye kochi lake, glasi ya juisi mkononi, akiomba kuwa mwanawe.

Mjomba mtu aliongea vizuri. Alisema wameona ua zuri katika nyumba hii na wanaomba ruhusa ya kulimwagilia. Watu wakacheka. Fundi hakusikia mwisho wa maneno hayo. Joto lilikuwa limempanda, jasho linadondoka kwenye kola, na kila mtu sebuleni alikuwa anamtazama isipokuwa kijana, aliyekuwa ameinamisha macho kwenye zulia. Anajua ni nini, Fundi akawaza. Humu ndani wote wanafikiri ni jua, yeye peke yake anajua. Akamwona kijana yule akija nyumbani kila sikukuu, akimwamkia, akimwita baba, na kila mara chini ya koti anakiona kile kifua. Mkwe! Mtu ambaye hata kukohoa mbele yake unafikiri mara mbili.

Akasingizia kuumwa kichwa, akainuka, akaenda chumbani. Wageni wakala, wakaaga kwa heshima, wakaondoka.

Jioni familia ilipokusanyika kumsikiliza, alisema neno moja.

"Hapana."

"Hapana nini?" mkewe akauliza.

"Yule kijana. Hapana."

Binti akafikiri ni mzaha. "Baba, amekosa nini? Hata hamjaongea."

"Mama, nimesema hapana. Simtaki."

"Sababu?"

"Mimi ni baba. Sihitaji kutoa sababu kama niko mahakamani."

Hakuwahi kuongea hivyo na mwanawe. Binti akaondoka bila kumuaga, macho yamejaa maji. Kesho yake alimuuliza mchumba wake kama wanafahamiana na baba. Kijana akajibu kwamba amewahi kumwona hospitali, kama anavyowaona wengi. Zaidi ya hapo hakuongeza hata herufi.

Fundi hakurudi tena dirishani. Vidonge vilipokwisha, alijiambia atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, akajiambia afadhali apumzishe mwili. Joto likapungua, naye akalichukulia kama habari njema. Hata akaanza kufikiri kwamba huenda saratani imeshakufa na alikuwa anameza dawa ya maiti. Lakini baada ya muda nyonga ikaanza kuuma, maumivu ya ndani, ya mfupa. Na kule chooni basi likaanza tena kuchelewa. Alijua. Alinyamaza.

Siku moja mchana, mwalimu mmoja mstaafu akiwa amekaa dukani anasubiri suruali yake ipigwe pasi, mlango ulifunguliwa. Akaingia mfamasia.

"Shikamoo, Fundi," akasema kwa sauti ya kawaida. "Nataka kupimwa koti."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini mteja alikuwa anatazama, na fundi hamfukuzi mtu aliyekuja kupimwa. Akachukua utepe, akamsimamisha mbele ya kioo kirefu, akaanza na mabega.

"Mzee, hujaja kuchukua dawa," kijana akanong'ona.

"Nyoosha mkono."

"Nimeangalia kila siku. Vidonge vyako vimekwisha zamani."

"Usipumue kwa nguvu, utaniharibia kipimo."

"Ukiacha, inarudi. Unajua inarudi?"

Fundi alikuwa amemzungushia utepe kifuani. Kilikuwa kifua cha kijana, bapa, kigumu. Utepe ukateleza, ikabidi aanze upya.

"Kama ni mimi ninayekufanya usije," kijana akaendelea, sauti chini kabisa, "nitaondoka. Nitamwambia binti yako nimeghairi. Atanichukia, basi. Lakini wewe uje uchukue dawa. Nipe hilo tu."

Mwalimu mstaafu akakohoa, akafunua gazeti. Pasi ilikuwa inapumua mvuke juu ya meza. Fundi angeweza kusema, usifanye hivyo. Angeweza kusema, mwanangu, tatizo si lako. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye meno. Akayameza.

"Urefu wa mkono," akasema. "Tayari."

Kijana akamtazama kwenye kioo, akaelewa. "Koti litakuwa tayari lini?" akauliza kwa sauti, ili mteja mwingine asikie.

Fundi akataja siku. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiamini.

Haikupita wiki binti akarudi kutoka kazini uso umevimba. Kijana amemwambia hayuko tayari kuoa. Amesema aendelee na maisha yake, asimsubiri. Hana sababu. Amesimama tu pale nje ya geti la shule, amesema, amekwenda.

Nyumba ikawa kama ina msiba. Mama mtu akamkumbatia mwanawe jikoni, akawa anampapasa mgongo. "Nyamaza, mwanangu. Afadhali amekuonyesha rangi yake mapema. Ungeshazaa naye je? Baba yako aliona mbali. Sisi tulimwona mkali, kumbe mwenzetu alishamsoma kijana siku ileile ya kwanza."

Fundi alikuwa amesimama kwenye korido, akayasikia yote.

Neno hilo likasambaa. Jirani alipokuja kumpa binti pole, akamgeukia baba. "Lakini wewe mzee una jicho! Ningekuwa na binti ningekuletea wachumba wake uwapime kama suti." Dada yake Fundi akapiga simu kumpongeza. Mezani, mkewe alimwekea mnofu mkubwa kuliko wote, na akipita nyuma ya kiti chake akamshika bega na kuuacha mkono wake pale, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa miezi mingi. "Jicho lako, mume wangu," akasema. "Mungu akutunzie."

Mnofu ule ulimkwama kooni. Ikabidi anywe maji mara tatu. Hakujua kama ipo aibu inayozidi ya kutukanwa, mpaka alipoonja hiyo ya kusifiwa.

Alirudi hospitali kwa sababu alikuwa ameahidi, ingawa hakuahidi kwa mdomo. Nyuma ya kioo alikuwapo dada mmoja asiyemjua. Kijana alikuwa ameomba ahamishiwe stoo ya dawa, ghorofa ya chini, ili mzee asimwone akija. Dada yule alilisoma jina la dawa kwa sauti kubwa, foleni nzima ikasikia, na hakuna aliyegeuka. Kila mtu alikuwa na lake.

Alianza tena kumeza vidonge. Alifikiri mambo yatatulia, binti atapata mwingine, wakati utafanya kazi yake. Na pengine angekaa hivyo mpaka kaburini, kama si siku ile binti alipokuja dukani.

Alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikono ya blauzi. Hakukuwa na mteja. Akavuta stuli, akakaa karibu na cherehani.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi."

Fundi akaacha kukanyaga pedali. "Radhi ya nini?"

"Siku uliyomkataa nilikuchukia. Kweli kabisa, moyoni nilikuchukia. Nilisema maneno mabaya nikiwa peke yangu, nikasema wewe ni mzee mwenye roho mbaya, hutaki niwe na furaha. Kumbe ulikuwa unanikinga." Sauti ikamkatika. "Nisamehe, baba."

Na akainama, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono miwili.

Fundi aliutoa mkono ule kama umeungua. "Usiniombe radhi!" akasema, kwa ukali uliomshtua hata yeye. "Mama, usiniombe radhi. Inuka. Twende nyumbani."

"Saa hizi? Duka je?"

"Nafunga."

Walimkuta mama mtu jikoni akichambua mchele kwenye sinia. Fundi akamwomba aache, akae. Akatoa pakiti ya vidonge kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaiweka mezani. Alikuwa amejipanga njia nzima jinsi atakavyoanza, lakini mbele ya nyuso zile mbili mipango yote ikayeyuka.

Binti akaichukua pakiti, akatoa karatasi iliyokuwa ndani, akasoma kwa sauti ya mwalimu anayesomea darasa. "Kizuia-androjeni. Ndiyo nini?"

Hapo akatamani amwombe mkewe amtoe mtoto nje. Haya mambo baba hamwambii bintiye. Lakini alikuwa ameshamfanyia bintiye jambo ambalo baba halifanyi, kwa hiyo akaeleza, macho yakiwa kwenye ule mchele. Akasema ni saratani, si tezi tu. Akasema homoni za kiume zinailisha, na dawa inakalia viti vyao zisipate pa kukaa. Akasema mwili wake umebadilika. "Kifua," akasema, akaonyesha kwa kidole koti lake, akashindwa kuendelea. "Na mengine. Mama yako anayajua bila kuambiwa." Kisha akasema ni nani aliyemweleza maana ya dawa ile kwenye chumba cha maboksi, na kwamba aliiacha kwa zaidi ya miezi miwili, na nani aliyekuja dukani kupimwa koti asilolihitaji, na alisema nini, na yeye Fundi alijibu nini.

"Nilijibu urefu wa mkono," akasema.

Mkewe ndiye aliyeongea wa kwanza. "Miezi yote hii," akasema polepole. "Miezi yote hii nalala nimegeukia dirisha, nalia, najiuliza huyo mwanamke ni nani, ana nini ambacho mimi sina. Nimemchunguza mpaka yule mama muuza vitambaa. Kumbe nashindana na kidonge!" Akataka kucheka, kicheko kikageuka, akainuka akatoka nje kwenye uwanja wa nyuma, wakamsikia akipiga ndoo teke.

Binti alikuwa bado ameshika karatasi. "Kwa hiyo yeye alijua."

"Alijua."

"Nilimuuliza. Akasema amewahi kukuona hospitali, basi."

"Kazi yake ndiyo hiyo, Mama. Siri za watu hazitoki pale dirishani."

"Sawa. Kazi yake ni kunyamaza." Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye pakiti taratibu. "Na wewe ulinyamaza. Ukaniacha nilie, ukasifiwa, ukanyamaza. Kazi yako wewe ni ipi, baba?"



Kesho yake Fundi alishuka mpaka stoo ya dawa. Kijana alikuwa anahesabu chupa. Alipomwona alisimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nimewaambia," Fundi akasema. "Wote wawili. Nimekuja kukuomba msamaha."

Alitarajia kusikia yale maneno ambayo vijana huwaambia wazee, hapana mzee, usijali, yamekwisha. Hakuyasikia.

"Nashukuru umewaambia," kijana akasema. "Na nashukuru umerudi kwenye dawa. Lakini mzee, mimi nimemdanganya mtu ninayempenda. Nilimtazama machoni nikamwambia simtaki. Ule uongo ni wangu, na msamaha wako haufuti hilo."

"Ulifanya kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Na sijui kama nilifanya sawa."

Wakasimama hapo katikati ya chupa, wanaume wawili, kila mmoja na aibu yake. Kisha mtu akaita kutoka juu, kijana akaomba radhi akaondoka na boksi lake.

Hayakuisha kwa haraka. Binti alimsalimia baba yake asubuhi na jioni, salamu kavu, kama anavyosalimiwa mwenye nyumba. Jirani aliposifia tena lile jicho la mzee, Fundi akamwambia, mbele ya watu, kwamba alikosea, kwamba kijana hakuwa na kosa, kosa lilikuwa lake. Jirani akafikiri ni unyenyekevu, akasifia na huo. Ikabidi arudie mara ya pili, kwa sauti, uso ukimwaka, mpaka jirani akakosa pa kutazama.

Aliyerudi kwanza ni mkewe. Mchana mmoja Fundi alikuwa amejilaza, shati pekee, mlango umerudishwa. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwekea kiganja kifuani. Fundi akaruka.

"Tulia," mkewe akasema. "Nimenyonyesha wanne. Unadhani matiti yatanitisha mimi?"

Fundi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu alipoambiwa ni saratani. Akacheka mpaka ikamuuma palepale alipokuwa ameshikwa.

Kuhusu binti na mfamasia, nani alimtafuta mwenzake Fundi hakuambiwa, na hakuona kama ana haki ya kuuliza. Alisikia tu kwamba wanaongea. Kisha kwamba wamegombana. Kisha kwamba wanaongea tena. Mvua zilikuja zikaondoka kabla yule mjomba mcheshi hajapiga hodi kwa mara ya pili, na safari hii hakuleta maneno ya maua. Aliuliza moja kwa moja kama nyumba imekubali, na Fundi akasema imekubali, na kwamba wa kwanza kuulizwa ni binti mwenyewe. Binti akasema ndiyo, akimtazama kijana kwa jicho ambalo bado lilikuwa na deni ndani yake.

Wiki chache kabla ya harusi, Fundi alikuwa na siku ya kumwona daktari. Alishangaa kumkuta binti amevaa, anamsubiri mlangoni. "Leo nakupeleka mimi," akasema. "Mama ana kazi nyingi."

Daktari alifurahi kumwona amekuja na mtu. Vipimo vya damu vilikuwa vimepanda kipindi kile alichoacha dawa, akasema, na sasa vinashuka tena, ingawa havijafika pale vilipokuwa mwanzo. Inawezekana havitafika. Wataangalia. Akaandika, akainua kichwa.

"Kuna jambo jingine, mzee? Kifua, usingizi, nyumbani?"

Fundi akatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya figo iliyokatwa katikati.

Binti akachukua mkoba wake. "Nitoke, baba?"

Alitaka kusema ndiyo. Uso wote ulikuwa unawaka, na safari hii haikuwa dawa. "Usitoke," akasema.

Akamweleza daktari habari ya kifua tangu kilipoanza, na habari ya nyonga, na ile ya chumbani kwa maneno ya kuzungukazunguka ambayo daktari aliyaelewa. Alisema akiitazama figo. Binti alikuwa anajitazama kucha. Mara moja tu aliingilia, alipoona baba anapunguza siku alizokaa bila dawa. "Si wiki mbili, daktari. Ni zaidi ya miezi miwili." Fundi akakubali kwamba ni zaidi ya miezi miwili.

Walipotoka nje hakuna aliyejua aanze vipi. Walitembea mpaka getini wakiongea habari za mvua.